Tanga Juu ya Tembe

Mjukuu wangu anayefanya biashara ya mifugo huko Chemba ameniletea asali ndani ya kibuyu, nayo, kama ilivyo asali ya kwetu, imekuja pamoja na masega yake. Niliikamua asubuhi, nikayatandaza masega kwenye ungo juani ili nta ijitenge. Jua la hapa kwetu Miyuji halicheleweshi kazi. Harufu ilipopanda nilikuwa kibarazani na tasbihi mkononi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikasahau nilikuwa nimefika wapi katika kuhesabu. Nilikuwa nimerudi kwenye ua wa wazazi wangu, mtoto mdogo wa kike, nimeegemea goti la baba, naye anauburuza uzi wake juu ya bonge la nta kabla ya kuutia kwenye shazia, ile sindano kubwa ya kushonea matanga.

Wenzangu mliozaliwa zama za Mjerumani mmebaki wachache, na ninawaandikia ninyi kwanza. Wengi mtashangaa kusikia habari za matanga hapa Ugogo, ambako hata mto ukiwa na maji watu hutoka majumbani kwenda kuutazama. Lakini ndivyo Mwenyezi Mungu alivyotaka. Baba alikuwa mtu wa Saadani, mji mdogo wa pwani ambao watu wake waliishi kwa vyombo: huyu anachonga mbao, yule anasokota kamba, mwingine anaziba nyufa kwa pamba na mafuta ya papa. Ukoo wa baba ulishona matanga. Alipanda bara na msafara uliohitaji mtu wa kutengeneza mahema, akashikwa na homa njiani, wenzake wakamwacha. Waliomuuguza ni watu wa nyumba ya mama yangu. Alipopona hakutafuta msafara mwingine. Aliposa, mama akasilimu, na mimi nikazaliwa nikapewa jina la mama yake baba. Kwa hiyo baba hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita "mama".

Tuliishi kwenye tembe kama majirani zetu wote: nyumba ndefu na ya chini, kuta za miti na udongo, na paa bapa la udongo ambalo watu walipanda kuanika mtama na kulala wakati wa joto. Baba aliipenda nyumba ile, lakini aliizungumza kwa maneno ya kwao. Upande wa mlango aliuita omo, mbele ya chombo. Upande wa nyuma, tulikofunga ndama, aliuita tezi. Akitaka nimletee maji alisema, "Mama, nenda tezi kaniletee kata." Mimi niliamini kwamba nyumba zote duniani zina omo na tezi, na niliwahurumia watoto wa jirani kwa kutojua tezi ya kwao ilikuwa wapi.

Ndani, juu ya boriti, lilikaa tanga. Kaka yake baba, ninayemwita Baba Mkubwa ingawa sikumwona kwa macho, alikuwa akijenga jahazi kule Saadani, polepole, kadiri alivyopata mbao. Baba alimwahidi kwamba tanga la chombo kile litatoka mkononi mwake. Basi kila alipopata kipande cha marudufu, kile kitambaa kizito cha mahema, alikiunga kwenye vipande vya zamani. Alishona miaka yote ya utoto wangu. Aliniambia kwamba tanga halikatwi kama shuka. Ukilikata sawasawa, upepo utaligonga na kulipasua. Lazima ulikate liwe na tumbo, na tumbo hilo huwezi kuliona likiwa limelala chini. Mshonaji hulijua kwa vidole. Mimi nilivitazama vidole vyake nikitafuta mahali lilipoandikwa tumbo hilo.

Kila mwaka, jua la kiangazi linapokuwa limekausha kila kitu na mawingu ya kwanza yanaanza kujikusanya, baba alisema, "Huko kwetu kaskazi inakaribia kuanza." Maana ni desturi ya watu wa vyombo kutoa matanga nje kabla ya pepo za kaskazi, yapigwe hewa, yatazamwe kama panya wameyala. Baba alipandisha tanga lake juu ya paa, akalifunga pembe zake kwenye miti, akasoma Fatiha, akasimama kando akiwa ameinua mikono. Nanyi mnaujua upepo wa huku katika miezi ile. Tanga lilijaa ghafla, likapiga kelele kama mtu anayekung'uta ngozi, na boriti za nyumba zikalia.

Watoto wa jirani walikusanyika kucheka.

"Nyumba yenu imevaa kanzu!" walinipigia kelele. "Inakwenda kuswali wapi?"

Sikucheka, kwa sababu nilijua inakwenda wapi. Wakati huo ndipo gari la moshi lilipofika Dodoma. Watu wazima walisema reli imetoka baharini, na mimi nikaelewa kwamba vile vyuma viwili vimewekwa ili bahari ipate njia ya kupita. Sikuwa na shaka. Nililiona tangi la maji pale kituoni, nikaona mvuke, nikasema moyoni kwamba bahari imeanza kufika. Kila tulipokwenda na mama kuuza maziwa kituoni, niliinama kati ya vyuma nikigusa kokoto kuona kama zimelowa. Siku itakapofika, maji yatapanda hadi mlangoni, tanga litajaa, na nyumba yetu, yenye omo na tezi, itaondoka.

Nikiwaza hivyo nilifurahi, mpaka siku ile alipokuja kibarua wa reli, mtu wa pwani, na salamu kutoka kwa Baba Mkubwa. Alikaa kwenye kigoda, akanywa uji, akasema: "Kaka yako anasema chombo kimekwisha. Kimesimama mchangani, kinasubiri tanga lako. Uje nalo kabla kaskazi haijatulia. Na ukija, anasema, ubaki. Mji umepungukiwa na mafundi. Mizigo yote siku hizi inafuata reli."

Baba alimshukuru. Mgeni alipoondoka, mama aliendelea kupepeta mtama kama vile hakusikia. Baadaye akasema, bila kuinua uso, "Huko kwenu maji yote ni ya chumvi. Ng'ombe watakunywa nini?"

"Huko hatufugi ng'ombe," baba akajibu.

"Ndiyo maana ulikuja hapa umekonda vile."

Baba akacheka, lakini mama hakucheka. Hapo ndipo nilipojua kwamba nyumba ikiondoka haitaondoka na sisi sote. Mama hakuwa mtu wa kuyaacha makaburi ya wazee wake, na baba alikuwa amempa ndugu yake ahadi. Jioni ile nilichukua kamba ya ndama, nikaifunga kwenye nguzo ya mlango, na ncha ya pili nikaizungusha kwenye jiwe la kusagia, lile kubwa ambalo wanawake wawili hawalinyanyui.

Asubuhi baba aliikwaa.

"Nani ameifunga nyumba?"

"Mimi."

"Kwa nini, mama?"

"Isiende."

"Iende wapi?"

"Baharini. Na wewe ukiwa ndani."

Alichuchumaa akaitazama kamba kwa muda. Nilidhani atanigombeza. Akasema, "Hili ni fundo la ndama. Ndama tu ndiye hulihofia. Njoo nikuonyeshe." Akanifundisha fundo la mabaharia, lile ambalo kadiri linavyovutwa ndivyo linavyokaza. Tulilifunga pamoja, kamba ikabaki pale. Hakuniambia kama atakwenda au hatakwenda.

Mwaka huo mvua zilichelewa. Mawingu yalijikusanya upande wa mashariki, yakawa mazito, watu wakaacha kazi wakayatazama, kisha upepo ukaja ukayatawanya. Kesho yake tena hivyo hivyo. Mtama uliopandwa katika udongo mkavu uliliwa na ndege. Ng'ombe walishuka korongoni asubuhi wakapanda jioni, wengine hawakupanda. Na siku zote hizo tanga la baba lilikuwa juu ya paa, jeupe, limejaa upepo, kwa kuwa alikuwa akimalizia kushona kamba ya pindoni kabla ya safari.

Wagogo huomba mvua kwa vitu vyeusi: kondoo mweusi, nguo nyeusi, kwa kuwa wingu lenye maji ni jeusi. Hata mimi mtoto nililijua hilo kwa upande wa mama. Baba hakulijua, au alilijua hakulifikiria. Kwake tanga lilikuwa tanga.

Wazee walikuja asubuhi, wakiongozwa na kaka yake mama, Mjomba Chibago, mtu mrefu aliyenibeba mabegani mara nyingi. Siku hiyo hakunitazama. Waliketi uani, wakasalimia, "Mbukwenyi," tukaitikia, mama akaleta maziwa machache yaliyokuwepo. Hawakuyanywa.

"Shemeji," Mjomba akaanza, "tumekuja kwa wema. Kitambaa hiki kinafanya nini juu ya nyumba ya dada yangu?"

"Kinapigwa hewa."

"Kila mwaka unakipandisha wingu linapokuja. Miaka mingine mvua ilikuwa kali, ikashinda. Mwaka huu ni dhaifu. Watu wanaona wingu linafika hapa, linaona weupe, linageuka."

Kabla baba hajajibu, tulisikia viatu. Alikuwa askari wa boma la Wajerumani, ambao tuliwaita Wadachi, mtu wa pwani kama baba, tuliyemwita Shaushi kwa cheo chake. Aliswali nasi Ijumaa. Sijui nani alimpa habari. Aliingia uani na kiboko mkononi.

"Sheikh," akamwambia baba, "sema neno moja tu. Mdachi hataki kusikia habari za mtu kufunga mvua. Hawa wote watalala chini leo, wale viboko."

Wazee hawakutikisika, lakini nilimwona Mjomba akilishika goti lake kwa nguvu. Baba alisimama akaenda kati ya Shaushi na wazee.

"Rudi kazini, ndugu yangu. Nazungumza na shemeji zangu."

"Wanakuita mchawi!"

"Wananiita shemeji. Hilo neno la uchawi umelileta wewe."

Shaushi alitukana kidogo, akasema watu wa Saadani walikuwa wagumu tangu zamani, akaondoka. Baba akaketi tena. Hapo mzee mmoja aliyekuwa kimya, babu mwenye jicho moja, akauliza swali ambalo nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza baba: "Mkwe, ukipanda pale ukainua mikono, unamwomba Mungu nini?"

Baba alikuwa mtu mkweli. Alifikiri, nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyetembea safari nzima na kumbe mwiba uko mguuni.

"Upepo," akasema. "Naomba upepo mzuri kwa ajili ya ndugu yangu. Kila mwaka nimeomba upepo."

Ng'ombe mmoja alikohoa nyuma ya nyumba. Mimi nilitaka kuwaambia kwamba baba hakukusudia, lakini mama alinibana katikati ya magoti yake.

"Basi," Mjomba akasema taratibu, na sauti yake haikuwa na hasira, "kichukue kitambaa chako, panda gari la moshi, kipeleke kwa ndugu yako. Kikae mahali upepo unapohitajika. Dada yangu na mtoto tutawatunza. Hatukufukuzi. Ukitaka kurudi mikono mitupu, rudi."

Ilikuwa haki, na ilikuwa rahisi. Kila mtu pale alikuwa amempa baba ruhusa ya kwenda alikotaka. Baba aliomba wamngoje aswali adhuhuri. Alitawadha kwa mchanga, maana maji tuliyaweka kwa ajili ya kunywa, akaswali pembeni ya ua, akakaa kwenye mkeka muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akapanda juu ya paa. Tulimsikia akifungua pembe moja baada ya nyingine. Tanga lilianguka uani na vumbi likapanda, likatufunika sote na harufu ya nta na moshi. Akashuka na kisu chake cha kazi.

Alilitandaza, akalitembelea kwa miguu mitupu kutoka pembe hadi pembe kama alivyofanya siku za kulipima. Akapiga magoti palipokuwa na tumbo la tanga. Akasema "Bismillahi," akachoma kisu.

Aliyepiga kelele ni mama. Yeye ambaye hakutaka safari, ndiye aliyelia, "Usikate! Baba mtoto, usikate! Ni miaka yako yote!"

Mjomba naye aliinuka. "Shemeji, sikusema ukate."

"Hukusema," baba akajibu akiendelea na kazi. "Shika hapo uvute. Kaza. Marudufu isipokazwa hukatika upande."

Na Mjomba Chibago, mzee wa watu, akapiga magoti akashika.

Siku zilizofuata ua wetu ulinuka kuliko wakati wowote. Baba aliyeyusha nta, akachanganya na mafuta ya kondoo na masizi ya chungu, akavipaka vipande vile mbele na nyuma mpaka weupe wote ukapotea. Alikuwa akitengeneza mahori ya kunyweshea ng'ombe. Maana kule korongoni watu walichimba visima mchangani, wakachota maji kwa jasho, wakayamwaga kwenye mahori ya udongo ambayo yalikunywa nusu kabla ya ng'ombe kufika. Kitambaa kilichoshonwa kwa mishono ya tanga, kikapakwa nta, hakipitishi maji, na tumbo lile alilolikata kwa ajili ya upepo lilikaa vizuri kabisa likining'inizwa kati ya miti minne. Mama na shangazi zangu walipaka. Mimi nilikoroga masizi, na weusi wake ulikaa kwenye kucha zangu mpaka nilipoanza chuo cha Kurani.

Mvua ilikuja, si siku ile wala wiki ile. Wazee walikuwa wamechinja kondoo wao mweusi. Waislamu wachache wa mjini walikuwa wametoka uwanjani kuswali sala ya kuomba mvua, wakageuza nguo zao ndani nje kama ilivyo sunna, nami nilipomwona baba amevaa kanzu kinyume nilidhani huzuni imempanda kichwani. Iliponyesha, kila upande ulidai umesikilizwa. Baba alipoulizwa alisema Mungu hana masikio ya upande mmoja, tushukuru, tukalime.

Baba Mkubwa alipelekewa salamu na kibarua yule yule. Majibu yalichelewa sana. Alisema amepata tanga la mshonaji mwingine, chombo kinakwenda, lakini tanga limekatwa vibaya na linavuta upande. Baba alicheka mpaka akajifuta macho, na sikuweza kujua ni kicheko peke yake. Nimemwombea Baba Mkubwa katika kila sala tangu nilipojua kuomba, kwa sababu kile alichokosa yeye ndicho nilichopata mimi.

Lakini ninayoikumbuka kuliko zote ni siku ya kwanza ya mahori yale kule korongoni, mvua ikiwa bado haijaja. Wanaume waliteremka kisimani, wakapokezana kata hadi juu, na Mjomba akamwaga ya kwanza. Kitambaa kilishuka, kikajaa, kikatulia. Tuliinama chini yake tukitafuta tone. Halikudondoka hata moja. Ng'ombe walisukumana, wakaingiza midomo, na ile sauti ya kunywa kwao ilisikika korongo zima. Upepo ulivuma, ukatikisa pindo za hori, na nilimtazama baba nione kama atageuka upande wa mashariki. Hakugeuka. Alikuwa akipapasa mshono kwa kidole gumba.

Nikamvuta kanzu. "Baba, sasa utasafiri lini?"

"Nimekwisha fika, mama," akasema.

Sikumwelewa. Nilitazama huku na huku nione ni wapi alipofika, lakini palikuwa na vumbi tu, na mchanga uliochimbwa, na mama akiwa amejitwisha kibuyu, na Mjomba Chibago akimfokea ndama aliyekuwa ameingiza miguu yote miwili ya mbele majini.